Nyumba ya tofali mkoani Kagera: nguzo, linta na tetemeko

Ndugu uliyeuliza, nimesoma maelezo yako yote. Unasema mitaro ya msingi imekwisha kuchimbwa nje kidogo ya mji wa Bukoba, nyumba ni ya vyumba vitatu, tofali ni za kuchoma, na sasa umekwama kati ya ushauri wa watu wawili. Fundi wako anasema linta moja, yaani mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha, inatosha na nguzo ni kupoteza fedha. Shemeji yako aliyeko Dar es Salaam anakutaka usimamishe nguzo za zege kwanza, kisha ujaze tofali katikati, kama wanavyojenga maghorofa. Umeuliza pia kama kuna la kufanya kwa nyumba ya zamani ya wazazi wako iliyo katika kiwanja hichohicho. Mimi ni fundi sanifu wa ujenzi, nimefanya kazi mkoani Kagera kabla na baada ya tetemeko la 2016, na nilikuwa miongoni mwa waliozunguka kukagua nyumba zilizopasuka, kwa hiyo nitakujibu kwa yale niliyoyaona na kuyashika kwa mikono.

Jibu langu kwa kifupi ni kwamba nguzo unazihitaji, lakini zimwagwe baada ya ukuta kupanda, si kabla yake. Linta unaihitaji pia, lakini izunguke nyumba nzima bila kukatika, na juu yake uwe na mkanda mwingine wa zege pale paa linapokaa. Nguzo, mikanda na ukuta vikishikana, nyumba ya tofali inaweza kutikiswa vikali na watu wakatoka wazima. Visiposhikana, hata nondo nyingi kiasi gani hazitakusaidia.

Nianze na tetemeko lenyewe, kwa sababu baadhi ya wachangiaji wa mjadala huu wamelieleza kama jambo lililozidi uwezo wa nyumba yoyote. Lile la Jumamosi tarehe 10 Septemba 2016, lililopiga kama saa tisa na nusu alasiri, lilikuwa na ukubwa wa 5.9, na chanzo chake kilikuwa kwenye kina cha takribani kilomita 40 upande wa Nsunga, wilayani Missenyi. Kwa wanaopima matetemeko duniani hilo ni tetemeko la wastani. Hata hivyo watu zaidi ya 15 walifariki, mamia walijeruhiwa, maelfu ya nyumba zilianguka au kupasuka, na shule za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika kiasi cha kufungwa. Miaka minane kabla yake, Jumapili asubuhi ya tarehe 3 Februari 2008, tetemeko la ukubwa uleule wa 5.9 lilipiga Bukavu nchini Kongo na Cyangugu nchini Rwanda na kuua makumi ya watu, baadhi yao wakiwa kanisani. Na ukanda wetu huu wa magharibi umewahi kuona makubwa zaidi: lile la Rukwa la Desemba 1910 linakadiriwa kuwa na ukubwa wa zaidi ya 7, lile la Toro nchini Uganda la Machi 1966 liliua watu zaidi ya 100, na lile la Ziwa Tanganyika la Desemba 2005 lilikuwa la 6.8. Kwa hiyo anayejenga leo kwa kipimo cha 2016 tu, akidhani hilo ndilo kubwa kupita yote litakalokuja, anajidanganya.

Sasa nieleze nilichokiona katika nyumba zilizopasuka, kwa sababu ndipo jibu lako lilipo. Nyumba nyingi tulizokagua hazikuanza kuharibika katikati ya ukuta. Zilianza kwenye pembe. Kuna nyumba moja ambayo bado naikumbuka vizuri, ya tofali za kuchoma, iliyopigwa plasta na kupakwa rangi, ambayo mwenyewe alikuwa na uhakika nayo kwa kuwa alikuwa ameweka linta yenye nondo nne za milimita 12. Ukuta wa mbele ulikuwa umeachana na ukuta wa ubavuni tangu kwenye kenchi, yaani mbao zinazobeba paa, hadi usawa wa dirisha, na ufa ulikuwa mpana kiasi cha kupitisha kiganja. Tulipobomoa zege la linta pale pembeni tulikuta nondo za ukuta wa mbele zimefika kwenye pembe zikaishia hapohapo, zimekatwa sawasawa na ukingo wa ukuta, na nondo za ukuta wa ubavuni nazo zimeishia hapohapo. Hakuna hata moja iliyopinda ikaingia upande wa pili. Zege lilikuwa zuri, nondo zilikuwa za kutosha, lakini pale ambapo kuta mbili zilitakiwa kushikana palikuwa na zege tupu, na zege tupu likivutwa hukatika.

Ili uelewe kwa nini pembe ndizo zinazoamua, fikiria kwa hesabu ndogo. Ukuta wa tofali za saruji wa unene wa sentimita 15, wenye urefu wa mita 4 na kimo cha mita 3, una uzito wa karibu tani 3.6. Ardhi ikitikisika kwa nguvu ya moja ya tano ya mvuto wa dunia, jambo linalowezekana kabisa karibu na chanzo cha tetemeko kama lile la kwetu, ukuta huo unasukumwa kwa upande na nguvu ya karibu kilo 720, kwenda na kurudi, mara kadhaa ndani ya sekunde moja au mbili. Kama msukumo unafuata urefu wa ukuta, ukuta una uwezo mkubwa wa kuupinga, na ukishindwa hupasuka kwa nyufa za mshazari zinazokatana kati ya dirisha na dirisha, lakini mara nyingi hubaki umesimama. Kama msukumo unaupiga ubavuni, ukuta wenyewe hauna uwezo wowote wa maana. Unategemea kuta mbili zinazoungana nao kwenye pembe ziushike, na unategemea kushikwa juu. Tofali na mota hubeba mzigo wa kukandamizwa vizuri sana, lakini zikivutwa hazina nguvu hata kidogo. Pembe ikiachia, ukuta huo unabaki umesimama peke yake na kinachofuata ni kuanguka kwake, mara nyingi kuelekea nje, na paa kushuka kwa waliomo ndani. Mkanda wa juu unafanya kazi ileile ya ukingo wa tenga: bila ukingo, fito zilizosukwa vizuri kiasi gani hufumuka ukizisukuma kidogo tu.

Hapo ndipo kazi ya nondo inapoanza. Nondo haiwezi kuizuia nyumba isitikisike, wala haiufanyi ukuta uwe mzito au mgumu zaidi. Kazi yake ni kubeba mvuto ambao tofali haliwezi kuubeba, na kuushika ukuta uliokwisha kupasuka usitawanyike. Nyumba iliyojengwa vizuri inaweza kupasuka katika tetemeko kubwa, na hilo si aibu ya fundi wala ya mwenye nyumba, mradi kuta zibaki mahali pake na watu wapate nafasi ya kutoka.

Kuhusu ushauri wa shemeji yako, ninamwelewa, kwa sababu ndivyo anavyoona maghorofa ya mjini yakijengwa. Lakini ghorofa hilo limepigiwa hesabu na mhandisi, nguzo zake ni nene, ringi zake, yaani vyuma vyembamba vinavyozungushwa kwenye nondo, zimebanana, bimu zake, yaani mihimili ya zege iliyolala, zimeunganishwa na nguzo kwa nondo nzito, na ndizo zinazobeba jengo lote. Kwenye nyumba ya kawaida nguzo anazosimamisha fundi wa mtaani ni za sentimita 20 kwa 20, nondo nne, na ringi kila sentimita 25 au 30. Hizo si nguzo za kubeba jengo peke yake katika tetemeko. Ukizimwaga kwanza kisha ukajaza tofali, kati ya tofali na nguzo kunabaki ufa mwembamba ambao plasta inauficha, na juu, chini ya bimu, fundi anapachika vipande vya tofali na mota iliyokauka. Ukuta wa namna hiyo haujashikwa na kitu. Ukisukumwa ubavuni hutoka kama ulivyo, na nguzo hubaki zimesimama huku tofali zikiwa zimelala chumbani. Lipo pia tatizo la kujaza ukuta nusu na kuacha nafasi ya dirisha refu juu yake, kama wanavyofanya kwenye madarasa: ile sehemu ya nguzo iliyobaki wazi inakuwa fupi na ngumu, inabeba nguvu yote peke yake, na ndiyo inayokatika ya kwanza.

Njia ninayokushauri inatumia vitu vilevile, ila kwa mpangilio mwingine. Unachimba msingi, unasuka vyuma vya nguzo na kuvisimamisha vikiwa vimekunjwa miguu ndani ya zege la msingi, unamwaga bimu ya chini, kisha unajenga ukuta ukiwa umeacha nafasi ya nguzo pale vyuma vilipo. Ukuta ukishapanda ndipo unapofunga mbao pande mbili tu, kwa kuwa pande nyingine mbili ni tofali zenyewe, na kumwaga zege. Zege linaingia kwenye kila pengo la tofali, linashikana na mota, na linapoganda ukuta na nguzo vinakuwa kitu kimoja. Ukuta ndio unaobeba, nguzo na mikanda ndiyo inayoubana. Utaona kwamba mbao zinapungua, na fundi hatakuwa na la kulalamikia upande wa gharama.

Nikueleze namna kazi inavyokwenda mahali penyewe, kwa sababu maelezo ya jumla ndiyo yanayoharibu nyumba. Nguzo zikae kwenye kila pembe ya nyumba, kila mahali ukuta wa ndani unapokutana na wa nje, na pembeni mwa milango na madirisha makubwa, na umbali kati ya nguzo na nguzo usizidi mita 4 hadi 4.5. Kila nguzo iwe na nondo nne za milimita 10 au 12. Ringi ziwe za milimita 6 angalau, kila sentimita 20 katikati ya nguzo, na kila sentimita 10 katika sehemu ya chini na ya juu, kama sentimita 60 kila upande, kwa sababu hapo ndipo nguzo inapopigwa zaidi. Angalia jinsi fundi anavyokunja ncha za ringi. Wengi huzikunja kwa pembe mraba na kuziacha zimelala kwenye ukingo wa nguzo. Zege la nje likipukutika, ringi inafunguka, na nondo nne zinabaki hazina kinachozishika. Ncha zikunjwe zaidi ya pembe mraba, ziingie ndani katikati ya nguzo, na ringi inayofuata igeuzwe ili mafundo yasipangane upande mmoja. Ni kazi ya dakika chache zaidi kwa kila nguzo, na ndiyo ninayoigombania kuliko nyingine zote ninapokuwa msimamizi.

Tofali zinazopakana na nguzo ziachwe na meno, yaani kozi (mstari wa tofali) moja itokeze kuelekea kwenye nguzo na nyingine irudi ndani, kwa sentimita 4 au 5 tu. Meno marefu zaidi ya hapo huacha mapango chini yake ambayo zege halifiki. Kabla ya kumwaga, futa mota iliyodondoka kwenye vyuma na chini ya nguzo, kisha lowesha tofali za kuchoma kwa maji mengi, kwa sababu tofali kavu hunyonya maji ya zege na kuliacha legevu palepale linapotakiwa kushika. Zege lipigwe kwa fimbo ya chuma kwa uangalifu kila linapoongezwa, na kati ya vyuma na mbao pawekwe vile vipande vya zege ambavyo mafundi wanaviita biskuti, ili nondo isiguse nje ikala kutu. Ukuta usipandishwe zaidi ya mita moja na robo hivi kwa siku, maana mota ya chini haijapata nguvu ya kubeba.

Linta na mkanda wa juu vimwagwe vikiwa vimeungana na vichwa vya nguzo. Nondo za nguzo zipande hadi ndani ya mkanda na kukunjwa humo. Pembeni, nondo ya linta ya ukuta mmoja ivuke pembe, ipinde, ilale ndani ya linta ya ukuta wa pili kwa sentimita 60, na vivyo hivyo kutoka upande wa pili. Mahali popote unapounga nondo mbili, zipishane kwa urefu wa mara 50 ya unene wake: milimita 10 ni sentimita 50, milimita 12 ni sentimita 60. Usikubali maungo yote yakutane mahali pamoja, na yasiwe kwenye pembe. Linta ikifika kwenye dirisha refu kisha ikaruka juu, au ikakatwa ili kupitisha bomba la umeme, mkanda huo hauna kazi tena. Nimeona nyumba nzuri sana ambapo linta inazunguka pande tatu na upande wa nne, wa veranda, imeachwa kwa sababu hapakuwa na dirisha.

Namna hii ya kujenga haikubuniwa jana. Mji wa Quetta, ulio katika Pakistani ya leo, uliangushwa na tetemeko la tarehe 31 Mei 1935 lililoua watu wanaokadiriwa kuwa 30,000 na zaidi. Nyumba chache za wafanyakazi wa reli zilibaki, kwa sababu baada ya tetemeko la 1931 katika eneo hilohilo mhandisi kijana wa reli, S. L. Kumar, alikuwa amezichora upya akaziwekea vyuma. Mpangilio wa tofali wenye vishimo vya kupitishia nondo wima hadi leo unaitwa kwa jina la mji huo. Nchini Marekani, tetemeko la Long Beach la tarehe 10 Machi 1933, la ukubwa wa 6.4, liliangusha shule nyingi za tofali zisizo na vyuma, na kilichowaokoa watoto ni kwamba lilipiga jioni wakiwa wameshatoka. Ndani ya mwezi mmoja jimbo la California lilipitisha sheria ya ujenzi wa shule, na kuta za tofali tupu zikapigwa marufuku. Ninapokumbuka mabweni ya Ihungo, ambako wanafunzi wanalala usiku, huwa nalifikiria sana suala la saa.

Lakini mfano wenye nguvu kuliko yote ni wa mwaka 2010. Tarehe 12 Januari Haiti ilipigwa na tetemeko la 7.0, na tarehe 27 Februari Chile ikapigwa na la 8.8, lililotoa nishati mara 500 hivi zaidi. Haiti walikufa watu wengi mno. Chile walikufa takribani 500, baadhi yao kwa mawimbi ya bahari. Chanzo cha Haiti kilikuwa karibu sana na mji mkuu, hilo ni kweli, lakini tofauti ya nyumba nayo ilikuwa kubwa. Port-au-Prince ilijaa nyumba za tofali dhaifu za saruji, paa za zege zito, nguzo nyembamba zenye ringi za kuhesabika, na nondo laini zisizo na mikunjo ya kushika zege. Chile, nyumba nyingi za kawaida za tofali hujengwa kwa njia hii hii ninayokueleza, ukuta kwanza na nguzo baadaye, na nyingi mno zilibaki zimesimama. Machache yaliyoanguka, kama jengo moja la ghorofa tatu huko Santa Cruz, yalikuwa na kasoro za ubora wa tofali na za vyuma kwenye maungio.

Kuna mchangiaji aliyependekeza tofali za saruji zenye matundu, na nondo zipitishwe ndani ya matundu yenyewe. Ni njia nzuri, na ndiyo waliyoichagua California baada ya 1933: nondo wima kwenye kila pembe, kando ya kila mlango na dirisha na kila mita moja na kitu katikati, nondo za kulala kila baada ya kozi kadhaa, na matundu yenye nondo yajazwe zege laini la kokoto ndogo. Kwa nyumba yako siipendekezi. Tofali za matundu zinazofyatuliwa huku kwetu mara nyingi ni dhaifu, matundu yake hayalingani kozi kwa kozi, na ukishaziba ukuta huwezi kuona kama zege limefika chini au limekwama katikati. Bila msimamizi anayesimama hapo kila tundu linapojazwa, utakuwa na nondo inayoning'inia ndani ya tundu tupu. Nguzo iliyomwagwa kati ya meno ya ukuta unaiona ukitoa mbao, na kasoro yake unaweza kuirekebisha siku hiyohiyo.

Upande wa vifaa nina mambo machache tu. Tofali ya kuchoma iliyoiva hulia inapogongwa na mwenzake, na ukiiloweka usiku kucha hailegei. Zile za pembezoni mwa tanuri, za rangi iliyofifia, zirudishe. Mota iwe ya saruji moja kwa mchanga tano, na iliyoanza kuganda isiongezwe maji ikatumiwa tena. Usijenge kwa udongo kisha ukapiga plasta ya saruji juu yake, maana nyumba nyingi zilizoanguka mwaka 2016 zilikuwa za namna hiyo. Nondo zipime kwa mizani: ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 inatakiwa kuwa na kilo 10.7 hivi, na ikikaribia kilo 9 umeuziwa ya milimita 11 kwa bei ya 12. Zege la nguzo na mikanda limwagiliwe maji kwa siku 7 angalau. Jua la Bukoba si kali kama la Dodoma, lakini zege halijui hilo, nalo likikauka mapema hupoteza nguvu.

Madirisha yanahitaji neno la peke yake, kwa sababu siku hizi kila mtu anataka madirisha mapana ya aluminiamu, na ukuta wa sebuleni unabaki vipande vyembamba vinavyoshikilia linta. Kipande cha ukuta kati ya dirisha na dirisha kisipungue mita moja ukiweza, na kwa vyovyote kisishuke chini ya sentimita 60. Dirisha lisikae kwenye pembe. Hesabu pia kuta zilizo nzima, zisizo na tundu, kwa kila upande wa nyumba: kama kuta zote imara zimelala kutoka kaskazini kwenda kusini, na zile zilizolala kutoka mashariki kwenda magharibi zimekuwa milango na vioo, nyumba haina cha kuishika tetemeko likiisukuma kuelekea mashariki au magharibi. Gebo nayo, ule ukuta wa pembetatu unaoshika paa, usiijenge kwa tofali. Ndiyo iliyo juu zaidi, haijashikwa juu, na tulikuta zimeangukia ndani ya nyumba ambazo kuta zake nyingine hazikuwa na ufa. Ifunge kwa mbao na bati. Kama unaitaka ya tofali, basi iwe na mkanda wa zege uliolala kufuata mteremko wa paa na kuungana na mkanda wa chini yake.

Kuhusu kiwanja sina la kusema mengi kwa kuwa sijakiona, ila kama kiko bondeni kwenye udongo laini karibu na mto, mtikisiko utakuwa mkubwa kuliko kwa jirani aliyejenga juu ya mwamba, na bimu ya chini haina mjadala. Kama kiko ukingoni mwa mteremko, rudi nyuma kadiri unavyoweza, na usijenge sehemu ya nyumba juu ya udongo uliojazwa.

Nyumba ya wazazi wako ni suala gumu zaidi, kwa sababu huwezi kuingiza nguzo ndani ya ukuta uliokwisha kujengwa bila kuujeruhi. Anza na yale yasiyohitaji fedha nyingi. Shusha gebo za tofali, weka mbao. Funga kenchi na ukuta kwa vyuma, ili paa lishikilie vichwa vya kuta badala ya kuzisukuma. Kisha, kama hali inaruhusu, bandua plasta kwenye pembe na kando ya madirisha, pitisha wavu wa chuma ndani na nje ya ukuta, uunganishwe kwa waya unaotoboa ukuta, upinde pembe kwa angalau nusu mita kila upande, kisha upige plasta ya saruji. Kinachotakiwa ni wavu wa ndani na wa nje uvutane; ukiuweka upande mmoja tu utabanduka. Kama kuta ni za tofali mbichi, au kuna nyufa za pembeni za tangu 2016 zilizozibwa kwa plasta, mwite mhandisi azikague kabla hujatumia hata shilingi, na wazee wahamie vyumba ambavyo nyufa hizo hazijafika.

Umeuliza pia ufanye nini kama fedha hazitatosha kwa yote. Punguza ukubwa wa sebule, acha plasta ya nje na vigae kwa mwaka mwingine, tumia madirisha madogo, lakini usipunguze nguzo za pembe wala mkanda wa juu. Nguzo moja ya kimo cha mita 3, pamoja na miguu na vichwa vyake, inakula mita 16 hivi za nondo, yaani nondo moja na theluthi. Kwa nyumba yenye nguzo 12 ni nondo 16, ukiacha ringi. Ukilinganisha na bei ya bati na dari utaona kwamba si fungu linalovunja nyumba. Mwoneshe fundi wako hesabu hiyo kabla hajaanza kumwaga zege la msingi, kwa sababu miguu ya nguzo lazima ilale humo tangu mwanzo. Ukiweka hapa ramani yenye vipimo vya kuta na madirisha, nitakuchorea nguzo zikae wapi.